Nilimchunguza Mume Wangu, Kumbe Mwizi Nilimfungulia Mlango Mwenyewe

Wapo wanaovunja ndoa kwa sababu ya simu. Mimi ya kwangu nusura niivunje kwa sababu ya kompyuta. Tena si ya ofisini wala ya jirani, ni laptopu yetu wenyewe ya nyumbani, ile tuliyochangishana mwaka 2017 tukaenda kuichukua Kariakoo, mimi nusu na Baba Ivan nusu.

Laptopu hiyo ilikaa sebuleni, pembeni ya runinga, na kila mtu aliigusa. Mimi nilimalizia hesabu za ofisini, mume wangu aliandika ripoti zake za saiti, mdogo wangu akija wikiendi anaingiza muvi kwa flashi, na Ivan, wakati huo ana miaka mitano, alichezea magemu. Nywila ilikuwa moja kwa wote, nayo ilikuwa jina la mtoto. Hata dada wa kazi aliijua. Tuliona ndiyo upendo huo, kwamba nyumba isiyo na siri haina haja ya kufuli.

Vijipicha vya kona

Ilikuwa Februari 2021. Jioni moja Baba Ivan alimaliza ripoti, akaacha laptopu wazi, akaenda kuoga. Mimi nikakaa niangalie kitu kimoja kabla ya kulala. Sijagusa hata kitufe, kule chini kwenye kona ya kulia kikachomoza kijipicha. Msichana, nusu uchi, na maneno ya Kiingereza kwamba yuko karibu na mimi na ananisubiri. Nikakifunga. Kikaja kingine. Cha tatu sitaki hata kukuelezea.

Moyo ulinilipuka paa! Papo hapo nikaanza kuunganisha mambo. Ahaa, ndiyo maana siku hizi ripoti haziishi. Ndiyo maana akiniona napita anainamisha kioo kidogo. (Kumbe alikuwa anakwepa mwanga wa taa, lakini nani aliyetaka kujua?)

Hapa ndipo kosa langu lilipoanzia, na naomba ulikumbuke maana tutarudi kwake. Sikumuuliza. Neno moja tu, "Baba Ivan, hivi hizi picha ni za nini?", lingemaliza kila kitu usiku uleule. Badala yake nikageukia ukuta. Asubuhi nikamwekea chai bila neno. Akaniuliza, "Mama Ivan, kuna nini?" Nikamjibu jibu letu lile wanawake, "Hakuna kitu." Nikakaa hivyo wiki tatu nzima.

Nikamweleza rafiki yangu wa kazini. Naye akanipa ushauri ambao siku hiyo niliuona ni wa dhahabu: "Shoga, mwanaume hakamatwi kwa maswali, anakamatwa kwa ushahidi." Akaniambia kuna programu ukiiweka kwenye kompyuta inajificha, inarekodi kila herufi anayoiandika mtu, kila nywila, kila ukurasa anaofungua, halafu unasoma kwa raha zako. Inauzwa kwa dola, lakini mtu mjanja hununui, unatafuta iliyochakachuliwa.

Mlinzi nilimwambia akalale

Machi, Baba Ivan akasafiri kikazi kwenda Dodoma. Nikanunua bando la usiku, nikamlaza mtoto, nikakaa mezani kama jambazi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sikuhangaika sana kuipata. Tovuti ilikuwa nzuri, ina nyota nyingi na maoni ya watu wakishukuru. Maelekezo ya kwanza yalisema: zima kinga ya virusi, maana inaionea programu hii wivu na haitaifanya ifunguke. Windows yenyewe ikanionya mara mbili kwamba faili hili ni la hatari. Nikabonyeza niendelee. Nikazima kinga.

Hebu ipime wewe msomaji. Mlinzi wa getini anakuja kukwambia, "Mama, huyu mtu simfahamu, na nimeona ana panga mgongoni." Na wewe unamjibu mlinzi akalale, huyo ni mgeni wako!

Nilipoifungua ile programu hakikutokea kitu. Baada ya muda likaja dirisha la kawaida kabisa likisema Windows inasasishwa, nisubiri. Nikafurahi, nikajua ndiyo inajipanga. Nikaenda kulala.

Kumbe lile dirisha lilikuwa pazia. Nyuma yake, wakati mimi nakoroma, mafaili yetu yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine.

Asubuhi kila picha ilikuwa imegeuka karatasi nyeupe, na kila faili limeongezwa mkia wa herufi nne mwishoni mwa jina lake. Kila folda ina barua. Niliisoma nimesimama. Iliniambia nisihofu, mafaili yangu yote yanaweza kurudi. Bei ni dola 980. Nikiwasiliana nao ndani ya saa 72 nitapunguziwa nusu, dola 490. Na kama siwaamini, niwatumie faili moja watanifungulia bure, ilimradi lisiwe na kitu cha maana. Biashara kabisa, hadi na sampuli!

Kwa pesa ya wakati ule, dola 490 ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja.

Nilikimbilia folda moja tu. Iliitwa Sendofu.

Baba yangu mzazi hakuwa mtu wa maneno. Maishani mwangu nimemsikia akiongea mfululizo mara moja tu, ukumbini, mwaka 2015, siku ya sendofu yangu. Aliongea dakika kumi na moja. Alianza kwa Kiswahili, akaingia Kichaga katikati, akalia, akacheka, akamaliza kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 2019. DVD aliyotupa mpiga video ilikwaruzika, tulipohama nyumba hatukuiona tena, na mpiga video mwenyewe alishaacha kazi hiyo. Sauti ya baba ilibaki sehemu moja duniani, kwenye laptopu ile. Na sasa ilikuwa karatasi nyeupe yenye mkia wa herufi nne.

Shangazi anapiga simu

Unadhani nilimpigia mume wangu? Thubutu! Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa nakutega wewe, nikanasa mimi? Nikafunika laptopu, nikaweka kitambaa juu.

Siku ya pili shangazi yangu wa Moshi akapiga simu analia. "Mwanangu, umelazwa hospitali gani? Ile elfu hamsini imefika?" Nikaganda. Kumbe Facebook yangu ilikuwa imewaandikia ndugu na marafiki kwamba nimepata ajali, naomba msaada, na namba ya kutumia ipo. Watu watatu walishatuma.

Aina ile ya virusi mara nyingi haiji peke yake, inakuja na mwenzake. Mmoja anafunga mafaili, mwenzake anakusanya nywila zote ulizoziruhusu zikumbukwe kwenye kivinjari, yaani ile programu unayofungulia intaneti. Na mimi nilikuwa naruhusu zote zikumbukwe, za barua pepe, za Facebook, za kila kitu. Nani ana muda wa kuandika kila siku?

Baba Ivan aliporudi nilimngoja ale kwanza. Nikamwambia, "Naomba ukae." Nikamweleza kila kitu, kuanzia vijipicha, ukuta, rafiki yangu, hadi ile programu. Nilitegemea afoke. Ningependa afoke. Alinyamaza, akauliza swali moja, "Ulikuwa unatafuta nini?"

Sikuwa na jibu.

"Ungeniuliza, ningekujibu," akasema. Akatoka nje, akakaa barazani mpaka usiku wa manane. We acha tu. Kufokewa kunaisha siku hiyohiyo, lakini kimya kile nilikisikia wiki nyingi.

Fundi anafungua orodha

Kesho yake mdogo wangu akaja na rafiki yake, kijana fundi kompyuta. Jambo la kwanza alilofanya ni kuikata laptopu na intaneti. La pili alimwagiza mdogo wangu atumie simu, si ile laptopu, kunisaidia kubadili nywila zangu zote tukianzia na barua pepe. "Dada, ukibadilisha kwa kompyuta yenye mwizi ndani, unamkabidhi na funguo mpya," akaniambia.

Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu vile vijipicha vya kona. Akafungua kivinjari, akaingia sehemu ya mipangilio, akafungua orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Zilikuwa tano. "Hizi ndizo zinazotuma hizo picha. Siyo virusi hasa, ni ruhusa. Kuna mtu aliingia kwenye tovuti ya kuangalia vitu bure, ikamwambia abonyeze kitufe cha kuruhusu ndipo video ianze, akabonyeza. Tangu hapo inamtumia matangazo ya ajabu ajabu, hata akiwa hajaifungua."

Nikasogea nisome. Jina la kwanza nililifahamu vizuri kuliko namba yangu ya simu. Ilikuwa tovuti ninayoangalilia tamthilia zangu za Kituruki.

Baba Ivan hajawahi kuangalia tamthilia ya Kituruki hata dakika moja. Mdogo wangu akaangalia dari. Fundi, maskini wa Mungu, hakujua amegusa nini, akaendelea, "Kwa hiyo shemeji, hii unaifuta tu hivi, kwisha." Sekunde kumi hazikufika. Wiki tatu za kugeukia ukuta zilifutwa kwa kubonyeza mara mbili.

Mume wangu angeweza kucheka, angeweza kunichoma kwa maneno mbele za watu, na angekuwa na haki. Alisema tu, "Sasa nimezielewa zile wiki tatu." Kisha akamgeukia fundi, "Haya, na mafaili?"

Kulipa au kutolipa

Kwenye mafaili habari ilikuwa ngumu. Fundi alitueleza taratibu, na ninakueleza kama nilivyoelewa. Virusi hivi vinafunga faili kwa hesabu ngumu ambayo bila ufunguo wake haivunjiki. Kama wakati vinaanza kazi kompyuta haina intaneti, vinatumia ufunguo mmoja kwa watu wengi, na ufunguo huo ukishapatikana wengi wanaokoka. Kama kompyuta iko hewani, vinaomba ufunguo kutoka kwa wenyewe, wa kwako peke yako. Na mimi nilikuwa hewani kwa bando la usiku!

Akajaribu. Kuna mradi unaoitwa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, Kaspersky na ile iliyokuwa ikiitwa Intel Security, yaani McAfee. Pale unapeleka faili lililofungwa, unaambiwa ni virusi gani, na kama dawa ipo unaipewa bure. Jibu letu lilitoka: aina inajulikana, ufunguo ni wa pekee, dawa haipo.

Nakiri, nilitaka kulipa. Tulikuwa na pesa ya ada ya Ivan na kodi ya nyumba. Nilimwambia Baba Ivan, "Ile ni sauti ya baba yangu." Tulizungumza mpaka saa saba usiku, mazungumzo yetu ya kwanza ya kweli kwa mwezi mzima. Aliniambia, "Mama Ivan, pesa hiyo nakupa kama ni kununua video. Lakini hatununui video, tunanunua ahadi ya mwizi." Ni kweli wapo waliolipa wakapata mafaili yao, na wapo waliolipa wakaombwa tena. Hakuna risiti wala duka la kurudishia. Na kila anayelipa anamwongezea mwizi mtaji wa kesho.

Hatukulipa. Saa 72 zilipoisha nililia kama msiba umerudi.

Lakini fundi alituambia jambo moja la hekima: msifute. Mafaili yaliyofungwa yakopieni kwenye diski, mweke, maana mara nyingine polisi wanawakamata wenyewe, funguo zinatoka miaka baadaye. Diski hiyo ipo kabatini kwetu mpaka leo, imeandikwa kwa mkono wa mume wangu, "Babu Ivan." Laptopu yenyewe ilifutwa yote, ikapigwa Windows upya, safari hii halali.

Virusi vinapiga hodi

Toka siku ile nimekuwa msomaji wa mambo haya, na kuna kisa kimoja kinanihusu kiasi cha kuogopesha. Mei 4, mwaka 2000, barua pepe ilianza kusambaa kutoka Ufilipino. Kichwa chake kilikuwa maneno matatu ya Kiingereza, ILOVEYOU, na ndani ilikuwa na faili lililojiita barua ya mapenzi. Watu waliifungua duniani kote, mabosi na makatibu muhtasi, kwa mamilioni. Nani asiyetaka kujua anapendwa na nani? Faili halikuwa barua, lilikuwa programu. Liliharibu picha za watu kwenye kompyuta zao, kisha likajituma kwa kila aliyekuwemo kwenye kitabu cha anwani, ili naye adhani anapendwa.

Wengi wetu tunadhani virusi vinavunja mlango. Vipo vinavyovunja. Mei 2017 WannaCry viliingia vyenyewe kwenye kompyuta ambazo wenyewe hawakuweka sasisho lililotolewa miezi miwili kabla, vikakwamisha hata hospitali za Uingereza. Lakini vingi vinapiga hodi, na vinajua jina la udhaifu wako. Mpweke vinampigia hodi kwa mapenzi, mwenye tamaa kwa bahati nasibu, na asiyetaka kulipa kwa programu ya bure. Mimi vilinipigia hodi kwa wivu, nami nikaitikia, "Karibu."

Sheria za nyumba yetu

Baada ya dhoruba, mimi na Baba Ivan tulikaa tukaandika sheria, tukabandika ndani ya mlango wa kabati. Sitaki uzichukue kama amri, ila angalia kama kuna inayokufaa.

Ya kwanza, kila mtu na akaunti yake ndani ya laptopu, na nywila yake. Akaunti zetu za kila siku haziruhusiwi kuingiza programu. Ipo akaunti moja ya usimamizi, inafunguliwa tukiwa wote wawili. Ivan ana ya kwake ya magemu. Hata mtoto akibonyeza kitu kibaya, madhara yake yanapungua.

Ya pili, kinga haizimwi. Windows 10 na 11 zinakuja na kinga yake ndani, Microsoft Defender, bure. Kwa nyumba ya kawaida inatosha, ilimradi iwe imewashwa na inasasishwa. Programu yoyote inayokuomba uizime kinga kwanza imeshajitambulisha, usisubiri ushahidi mwingine.

Ya tatu, masasisho hayaahirishwi, ila yanatoka kwenye mipangilio ya Windows yenyewe, si kwenye dirisha linalochomoza tu ukiwa kwenye tovuti. Na kama bado unatumia Windows 10, ujue Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Kama laptopu yako inaikubali Windows 11, hamia huko.

Ya nne, hakuna kilichochakachuliwa. Kama huna pesa ya Office, kuna LibreOffice, ni bure na ni halali, inaandika barua na inapiga hesabu. Hata mafundi wetu tunawauliza, "Windows unayotupigia ni halali?" Usione aibu, mbona nyama bucha unauliza ni ya leo?

Ya tano, flashi ya mgeni inakaguliwa kwanza kabla ya kufunguliwa, hata kama mgeni ni mdogo wangu. Na tumeiweka Windows ionyeshe majina ya mafaili mpaka mkia, maana muvi haiishii na mkia wa programu. Ukiona kitu kinaitwa muvi halafu mwisho wake ni exe, hiyo si muvi.

Ya sita, nywila ya barua pepe haifanani na nyingine yoyote, na tumewasha uthibitisho wa hatua mbili, ili hata anayeijua nywila asiingie bila namba inayotokea kwenye simu. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote. Anayeishika anaweza kubadili nywila za nyingine zote.

Ya saba ndiyo ninayoilinda kama mboni ya jicho. Kila kitu cha thamani kinakaa sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye diski ya nje, na nakala nyingine nje ya nyumba. Na diski ya nje ikimaliza kazi inachomolewa. Ukiiacha imechomekwa, siku virusi vikija vinafunga na hiyo hiyo. Ya kwetu ya tatu inakaa kwa mama mkwe wangu Kimara, ndani ya sanduku la vitenge.

Ya nane aliiongeza Baba Ivan kwa kalamu nyingine, bila kunishirikisha: "Ukiona kitu, uliza."

Siri na faragha

Nimejifunza pia tofauti ambayo sikuijua. Nilidhani kuwa na nywila moja ndiyo uaminifu. Leo mume wangu ana akaunti yake, nina yangu, na hatujawahi kuaminiana kama sasa. Kufuli ya akaunti yake hainifichi mimi kitu, inamzuia mwizi aliyepita kwangu asifike kwake. Na kumwekea mwenzio programu ya kumrekodi, mbali na kukuletea mwizi, inaweza kukuingiza pabaya kisheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu au kunasa mawasiliano yake bila ruhusa. Cheti cha ndoa si ruhusa.

Watu waliomtumia mwizi pesa kwa ajili yangu tuliwarudishia, polepole. Shangazi alikataa ya kwake. Aliponiuliza nimepoteza nini hasa, nikamwambia video ya sendofu. Akanyamaza, akasema, "Ngoja."

Usiku ule akanitumia WhatsApp kipande cha sekunde arobaini, alichokipiga kwa simu yake ya zamani akiwa meza ya nyuma. Picha ina ukungu, kichwa cha mtu kimeziba nusu. Baba anawashukuru wakwe, analisahau jina la baba mkwe wangu, anakohoa, ukumbi mzima unacheka, na yeye anacheka. Ndipo shangazi alipoishusha simu ale.

Hakuna nasaha mle, wala machozi, wala Kichaga. Zile dakika kumi zilizobaki zimefungwa kabatini kwangu, na huenda zisifunguke kamwe. Lakini sekunde arobaini hizo ziko sehemu tatu, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi na Baba Ivan tunakaa pamoja, anachomeka diski, nakopi, anachomoa.

Wewe je, mpenzi msomaji? Sauti ya mama yako iko sehemu ngapi? Na lile jambo unalomtilia shaka mwenzio, umeshamuuliza? Ukifika nyumbani leo, kabla hujageukia ukuta, anza na hayo mawili.